Sodiamu Haizimwi kwa Maji

Mkono wa Haren Malo ulivunjwa na mwalimu wa fizikia, mwanamke mfupi wa miwani, kwa nondo ya stendi ya maabara, mchana kweupe, mbele ya watu waliojaa ukumbi mzima. Mfupa ulilia kama mwiko unaovunjiwa gotini. Mpaka leo pale Shibtala wako watakaokuapia kwamba mwanamke yule alikuwa na shetani siku ile, na wako watakaokuambia kwamba alikuwa na akili zake timamu kuliko mtu yeyote aliyekuwamo chuoni. Ketaki Sarkhel mwenyewe hakuwahi kubishana na upande wowote.

Alizaliwa hapo hapo Shibtala, mji wa viwanda vya magunia ukingoni mwa mto Hugli, mwendo wa treni kutoka Kolkata. Baba yake, Gaurhari, alikuwa fundi wa mashine za kufumia na mtu wa chama cha wafanyakazi. Miaka ya sabini mwanzoni, vijana wa mrengo mmoja walipokuwa wakichinjana na vijana wa mrengo mwingine, na polisi wakiwachinja wote, Gaurhari aliitwa nje asubuhi moja akiwa bado anapiga mswaki. Ketaki alikuwa darasa la pili. Alisikia sauti ya mtu wanayemjua ikisema, "Kaka Gaur, toka mara moja, kuna maneno." Baba akatoka, povu la dawa bado mdomoni. Walimchoma visu mbele ya bomba la maji la mtaa, wanawake wakiwa wamejipanga na ndoo zao, na polisi walipokuja kuuliza, hakupatikana hata mmoja aliyeona kitu.

Mama yake, Shefali, hakulia mbele za watu. Aliisugua ile saruji yenye damu ya mumewe kwa maji ya bomba lile lile, akamwambia bintiye, "Soma. Wasiosoma wanauawa, na waliosoma wanauawa, lakini angalau wewe utakuwa umesoma." Kisha akafungua cherehani na kuanza kushona blauzi za majirani, wakiwamo wake wa watu aliowashuku.

Ketaki akasoma. Alipomaliza shahada ya pili Kolkata alirudi kufundisha katika Chuo cha Shibtala, na siku zisizo na vipindi alipanda treni kwenda kwa Profesa Amiya Bhaduri, aliyekuwa akimsimamia katika kutafuta shahada ya udaktari. Profesa Amiya alikuwa mzee mwenye kikohozi na upole mwingi, na tatizo alilompa lilikuwa la migongano.

Elektroni kila aliyepita shuleni ameisikia. Positroni ni pacha wake wa kinyume: uzito ule ule, ila palipo hasi pana chanya. Wawili hao wakikutana kwa utulivu hawaangamizani papo hapo. Huzungukana kwanza, kwa muda ambao kope haiwezi hata kuanza kushuka, ndipo wanapomalizana na kubaki mwanga mtupu. Jozi hiyo, ikiwa bado hai, huitwa positroniamu. Swali la Ketaki lilikuwa hili: ukiirusha positroniamu kwenye atomi ya sodiamu au ya potasiamu, zile atomi zenye elektroni moja tu ya nje, iliyoshikwa kilegelege, kutatokea nini? Itadunda? Itapasuka? Elektroni ya jozi na ile ya atomi ni sawa kama matone mawili ya maji. Zikibadilishana nafasi hakuna atakayejua ipi ilitoka wapi, na ubadilishanaji huo ndio unaoamua karibu kila kitu. Hakuna maabara aliyoijua iliyokuwa imefanya jaribio hilo. Ilikuwa kazi ya karatasi na kompyuta: unajenga mfano, unachagua ni hali zipi za atomi utakazoziingiza, unaiachia mashine isage. Kila ukiongeza hali moja, mashine inazidi kulia.

Watu walipenda kusema kwamba binti wa mtu aliyechomwa visu lazima apende migongano. Ketaki aliudhika. "Ningekuwa binti wa mpishi mngesema napenda kuchemsha," aliwajibu. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa ngumu, na kwa sababu ukikosea, inakuambia umekosea na haikuchukii.

Kompyuta ya chuo ilikaa pembeni mwa maabara ya fizikia, ukuta mmoja na stoo ya kemia. Stoo hiyo ilitunzwa na Sukur Ali, mtu wa ndevu za hina na utani. Siku moja alimwita. "Mwalimu, miaka yote unamwandika sodiamu, unamkokotoa, unamrushia vitu. Njoo basi umwone uso, isije ikawa unamsingizia." Akatoa donge kutoka kwenye chupa ya mafuta ya taa, akalikata kwa kisu kama sabuni. Ndani lilimetameta kama fedha mpya, kisha likafifia wakiliangalia. Ketaki alicheka, maana kweli alikuwa hajaligusa tangu sekondari.

"Umemwona? Basi salamu zimefika," alisema Sukur Ali, akalirudisha kwenye mafuta.

Pale chuoni msimu wa uchaguzi wa umoja wa wanafunzi ulikuwa na desturi yake: walimu wakubwa wote huugua presha. Ndivyo usimamizi wa uchaguzi wa Januari ile ulivyomwangukia Ketaki. Umoja ulikuwa mkononi mwa Tarak Poddar, aliyekuwa "mwanafunzi" tangu wenzake waliooa wakiwa bado wanabeba vitabu. Nyuma yake kulikuwa na chama, nyuma ya chama kulikuwa na wakandarasi wa mchanga na matofali, na wote walitaka jambo moja: kundi la upinzani lisigombee.

Tarak alimjia maabara, viatu vinang'aa, mkono kifuani kwa adabu.

"Dada mwalimu, majina ya wale wengine yaliletwa muda ukiwa umepita."

"Yaliletwa mapema. Niliyapokea mimi."

"Labda saa yako iko nyuma."

"Basi na ya ukutani iko nyuma, na ya stesheni."

Tarak akatabasamu, akaegemea meza kwa mkono. "Mimi nakuheshimu sana. Marehemu baba yako alikuwa mtu wetu."

"Baba yangu alikuwa fundi wa mashine," alisema Ketaki. "Nitolee mkono kwenye meza yangu."

Kesho yake walimzingira. Ni desturi ya huko, kumfungia mkubwa ofisini mpaka akubali. Lakini kwa kawaida hupigwa kelele na kuimbwa, na mzingirwa huletewa chai. Hii haikuwa hivyo. Waliingia asubuhi na magongo ya hoki, wakawatoa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa makofi, wakamwacha Ketaki katikati ya maabara. Maji hakuna, choo hakuna. Mlangoni aliwekwa Haren Malo, jitu la mabega lililotoka nyumba ya wauza samaki wa bondeni. Hakuwa mwanafunzi wa chuo kile wala cha kingine. Aliambiwa maneno machache tu: huyu mwanamke akisema lolote, usimsikilize, ana ulimi wa wakili.

Kwenye kona kompyuta ilikuwa bado inasaga. Ilikuwa imeachiwa tangu siku mbili nyuma, na mara hii Ketaki alikuwa ameingiza hali mpya za sodiamu alizokuwa hajathubutu kuziingiza. Tarak aliitazama skrini, namba zikishuka moja moja.

"Hii ndiyo kazi yako? Hii inamlisha nani?"

"Usiiguse."

"Inamlisha nani, nakuuliza."

"Hailishi mtu. Usiiguse."

Akavua kiatu kimoja, akauvuta waya ukutani kwa kidole cha mguu, polepole, akimtazama usoni. Skrini ikafa. Ketaki alimzaba kofi lililomgeuza shingo. Tarak hakungoja. Alimpiga ngumi ya mdomo, na ya pili ya tumbo, naye akaanguka kati ya viti, miwani ikakanyagwa. Haren alitazama dari. Baadaye alisema kwamba hapo ndipo alipoanza kutamani kwenda nyumbani.

Pengine yangeishia hapo, kwa jino lililolegea na majina kukatwa kwa nguvu. Lakini kundi la upinzani lilipopata habari kwamba mwalimu anapigwa, halikuja kumwokoa. Lilikuja kulipiza yake ya mwaka uliopita. Walipanda ukuta wa nyuma na mabomu ya kienyeji, yale yanayosokotewa kamba za magunia, ambayo Shibtala hata watoto huyatambua kwa mlio. La kwanza lilipasukia uani, la pili kwenye ngazi. Kijana mmoja wa Tarak aliingia maabara akiwa ameshika shavu lake lililoning'inia. Nje watu walikuwa wakipigana kwa magongo, kwa matofali, kwa minyororo ya baiskeli, na hapakuwa tena na anayejua kura ni nini. Polisi walikuwa getini. Walikunywa chai.

Tarak alikimbilia stoo ya kemia kwa sababu ya kuta zake nene. Alisahau dirisha. Bomu lilipita humo, likaangusha rafu nzima juu yake. Chupa zikapasuka, mafuta ya taa yakamwagika na kushika moto, na madonge ya sodiamu yaliyokuwa yamelala ndani ya mafuta yakamwangukia mapajani na kutapakaa sakafuni karibu na kichwa chake. Suruali ikawaka. Sauti aliyotoa haikuwa ya mtu.

Haren alimpenda bosi wake, hilo lazima lisemwe. Wengine walikimbia, yeye alikimbilia bomba la ukumbini, akajaza ndoo mpaka juu, akarudi nayo kwa mbio huku ikimwagikia miguuni.

Ketaki alikuwa ameshafika mlango wa stoo. Bila miwani aliona mwanga tu na kivuli cha jitu kinakuja na ndoo, na alielewa yote kwa mara moja.

"Weka chini. Siyo maji. Leta mchanga."

Haren hakusikia. Au alisikia, akakumbuka alivyoambiwa.

"Utamuua. Haren, utamuua."

Ndoo ikainuliwa. Ketaki akashika nondo ya stendi iliyokuwa mezani, akaishusha kwa mikono miwili juu ya mkono wa Haren, chini ya kiwiko. Mfupa ukalia. Ndoo ikaanguka mlangoni, maji mengi yakarudi ukumbini, lakini ulimi mmoja mwembamba ukateleza kwenye sakafu ya stoo, ukaligusa donge moja lililokuwa karibu na uso wa Tarak.

Mlipuko ulikuwa mmoja tu. Ulichukua jicho la kushoto la Tarak, na sikio la kushoto la Ketaki halikusikia tena kitu baada ya siku hiyo. Ndoo nzima ingewatawanya wote watatu ukutani.

Sukur Ali alitokea moshini na ndoo nyekundu za mchanga. Wakammwagia Tarak mchanga kama wanaomzika, wakamchania suruali kwa kisu cha kukatia sodiamu, wakayabandua madonge kwa koleo. Akatolewa kwa mkokoteni wa magurudumu matatu, amefunikwa pazia la maabara.

Waliokuwa ukumbini waliona mambo mawili tu, na waliyaona kwa mfuatano: mwalimu alimpiga Haren, kisha kukalipuka na Tarak akapofuka. Hawakuhitaji la tatu. Walimburuta Ketaki kwa nywele mpaka uani. Walimpiga kwa magongo ya hoki mpaka mbavu zikakatika, wakamvua sari wakaichana, na aliyekuwa akimkanyaga mkono alikuwa kijana aliyefundishwa naye kanuni za Newton. Sukur Ali alijilaza juu yake akachukua sehemu yake ya kipigo. Ndipo polisi walipomaliza chai.

Jioni ile kundi la Tarak lilikwenda nyumbani kwa akina Sarkhel. Shefali alikuwa ukumbini ameketi sakafuni mbele ya boti yake, kile kisu kikubwa cha jikoni kinachosimama chenyewe kwenye ubao, cha kukatia samaki. Tofali la kwanza lilipovunja kioo hakunyanyuka. La pili lilimpiga begani. Walipoubomoa mlango wakamkuta ameikumbatia boti miguuni, makali yakiwatazama.

"Aingie wa kwanza," alisema. "Samaki nimeshamaliza."

Hakuingia mtu. Mmoja wao, mwenye umri wa kuwa mjukuu wake, alisema, "Bibi, binti yako ni muuaji."

"Na blauzi ya mama yako niliishona mimi. Mwambie aje aichukue, nimechoka kuitazama."

Waliuchoma uzio, wakaondoka.

Kesi ilifunguliwa dhidi ya Ketaki: kujaribu kuua, na kumvunja mtu mkono. Chuo kikamsimamisha kazi. Tarak, akiwa hospitali na bandeji nusu ya uso, alitoa maelezo kwamba mwalimu alimwaga maji kwenye sodiamu kwa kusudi, akijua litakalotokea, maana yeye ni mtaalamu wa sodiamu anayejulikana duniani kote. Na kweli, ukitazama karatasi zake zote, ni sodiamu tupu. Wakili wa mashtaka aliipenda sana hoja hiyo.

Ketaki alihamia kwa muda Kolkata, kwenye chumba cha shangazi yake, mbavu zimefungwa kitambaa. Alikuwa na hasira iliyomkataza kula. Alipolala aliota anampiga Haren, na ndotoni haishii mkononi. Profesa Amiya alimpa ufunguo wa chumba cha kompyuta cha idara.

"Pumzika kwanza," alisema mzee.

"Nikipumzika, Sir, nitarudi Shibtala nikaue mtu."

"Basi keti ufanye kazi."

Akaijenga upya hesabu iliyozimwa. Kupumua kuliuma, kwa hiyo alipumua kidogo kidogo. Mfano wake wa zamani, wenye hali moja tu ya atomi, ulikuwa umesema kwamba positroniamu inayokwenda polepole inasukumwa mbali na sodiamu. Sasa alipoingiza ubadilishanaji wote wa elektroni, na hali zile za juu, jibu lilianza kugeuka pale ambapo elektroni mbili zinazunguka kwa kupingana. Namba ilipita sifuri na kubadili alama. Aliirudia. Akaongeza hali nyingine, akaitafuta hitilafu kama mtu anayetafuta nyoka chini ya kitanda. Alama ilibaki vile vile. Alimwita profesa.

"Sir, haisukumwi. Inashikwa."

Mzee alivaa miwani, akasoma kwa muda mrefu, akakohoa. "Mtu wa nchi nyingine, kwa njia nyingine kabisa, amedokeza kitu cha namna hii. Nilidhani amekosea."

"Na mimi?"

"Wewe umenitia wasiwasi," alisema, na machoni alikuwa anacheka. Hiyo ilikuwa furaha ya pekee ya mwaka ule, na Ketaki aliila peke yake kwenye ngazi za idara, pamoja na bisi za mchele na pilipili mbichi.

Huku Shibtala, mkono wa Haren uliungwa vibaya na ukapona kombo. Hakuweza tena kuinua kapu la samaki. Tarak alimlipia daktari, akamwambia atakachosema mahakamani. Lakini Haren alikuwa na neno linalomkereketa: *utamuua*. Kwa nini mtu anayetaka kuua aseme hivyo, tena amwite kwa jina? Siku moja alimfuata Sukur Ali stoo, nusu kwa ugomvi.

"Wewe mzee, niambie ukweli. Maji yangu yangefanya nini?"

Sukur Ali alichukua kisu chake. Alimpeleka kwenye mtaro nyuma ya maabara, akakata punje ya sodiamu isiyozidi kunde, akairusha majini. Ikakimbia juu ya maji ikilia, ikawaka njano, ikapasuka, matope yakamrukia Haren kifuani.

"Hiyo ni kunde," alisema Sukur Ali. "Bosi wako alikuwa amelala na madonge mapajani kama viazi."

Haren alikaa kwenye ukingo wa mtaro mpaka kengele ya kipindi ikalia na nyingine ikafuata.

Alikwenda kwa akina Sarkhel Jumapili, Ketaki akiwa amekuja kumtazama mama yake. Shefali alipomwona mlangoni alishika boti.

"Mama, nimekuja kwa amani."

"Amani ya kwenu naijua. Hata mume wangu aliitwa kwa amani."

"Mwache aseme," alisema Ketaki kutoka ndani. Hakusimama. Alimtazama ule mkono uliopinda, na ndani yake, kwa aibu yake mwenyewe, alihisi kuridhika.

Haren alisimama kizingitini. "Dada, kesho kutwa naitwa mahakamani. Nitasema ilivyokuwa. Kwamba maji niliyabeba mimi, na wewe ulinikataza, sikusikia, ndipo ukanipiga."

"Usiseme."

"Kwa nini?"

"Watakuua, mpumbavu wewe. Sema sikumbuki. Kesi itajifia yenyewe."

"Haitajifia. Utafungwa."

"Nitafungwa mimi. Wewe inakuhusu nini? Siku ile nilipokuwa chini, ulitazama dari."

Haren aliinamisha kichwa. "Nilitazama," alisema. "Sasa shingo imechoka." Kisha akamgeukia Shefali. "Mama, unaweza kuniangalizia shati? Mkono wa kulia haupiti tena." Shefali aliweka boti chini, akaenda kuleta sindano. Alilifumua shati mshono wa kwapa hapo hapo mlangoni, likiwa mwilini mwake, akimlaani kwa sauti ndogo kila alipochoma sindano.

Mahakamani wakili wa mashtaka alimcheka. "Bwana Malo, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"Na leo unatufundisha kemia?"

"Sifundishi. Nasema nilibeba ndoo. Kubeba ndoo hakuhitaji darasa."

Watu walicheka, hata karani. Hakimu aliwanyamazisha, akamtaka aendelee, na Haren akaendelea, pole pole, pamoja na waya uliovutwa kwa kidole cha mguu na ngumi mbili. Tarak alikuwa safu ya mbele na miwani nyeusi. Hakugeuza kichwa. Sukur Ali alipothibitisha maneno yale, kesi ilianguka, na chuo kilimrudisha Ketaki kazini kabla ya likizo za sikukuu ya Durga.

Haren naye aliitwa. Alikuwa akinywa chai karibu na kivuko cha reli, asubuhi, kikombe cha udongo mkononi. Waliomwita alikuwa amekula nao sahani moja. Alitoka, na walimkata kwa mapanga ya kufyekea juti, ule mmea wa magunia, kwanza ule mkono uliopinda, wakiutaja, kisha shingo. Mwenye kibanda alifunga kibanda. Treni ya Kolkata ilipita, abiria wakaona, ikaenda zake.

Ketaki alikwenda kwenye uchomaji wa maiti, ijapokuwa wanawake wengi wa mtaa wake hawaendi. Mtoni kulikuwa na upepo, kuni zilikuwa mbichi, moto ulikataa kushika. Watu wa bondeni walikuwa wachache. Woga ulikuwa umewabakiza nyumbani. Ndipo lilipokuja gari, na Tarak Poddar akashuka na shada la maua meupe. Aliliweka, akapiga magoti, akaja kusimama mbele ya Ketaki upande wa sikio zima.

"Pole, dada mwalimu. Mji wetu umeharibika."

Pale karibu na moto kulikuwa na mti mrefu wa mwanzi, wa kuchochea na kuigeuza maiti ishike vizuri. Ketaki hakukumbuka kuuokota. Alikumbuka tu kwamba ulikuwa mkononi mwake, ncha yake ikifuka moshi, na kwamba alikuwa akilitazama jicho la Tarak lililobaki na kupima umbali. Alijua nguvu zake zinatosha, maana alishaona mfupa unavyokatika, na alitaka. Tarak naye alijua. Alirudi nyuma hatua, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida aliyeogopa.

Mkono wa mwanamke ukaushika ule mwanzi katikati. Alikuwa mama yake Haren, mzee mkavu, magamba ya samaki bado kwenye pindo la sari.

"Nipe," alisema. "Huu ni wa kumgeuzia mwanangu."

Ketaki akauachia. Mama yule akaenda akamgeuza mwanawe mwenyewe, na moto ukashika.

Hakuna aliyefungwa kwa kifo cha Haren. Tarak aligombea udiwani akashinda, na jicho lake la kioo lilimfaa kwenye mabango. Ketaki aliendelea kufundisha. Wanafunzi walijifunza kukaa upande wake wa kulia na kutocheka. Alipata udaktari wake. Watahini walimsumbua kuhusu ubadilishanaji wa elektroni, akawajibu kwa ukali mpaka Profesa Amiya akamkanyaga mguu chini ya meza.

Makala ya positroniamu na sodiamu yalipotoka katika jarida la ng'ambo, mstari wa mwisho wa shukrani ulikuwa na majina matatu: la profesa, la Sukur Ali, na la Haren Malo. Wahariri walikuwa wameuliza huyo Malo ni wa taasisi gani. Ketaki aliwajibu kwamba ni wa Shibtala, nao hawakuuliza tena.

Alilipeleka jarida bondeni siku ya soko. Mama yake Haren alikuwa anapara samaki mbele ya nyumba. Alifuta mikono, akalishika kwa ncha za vidole, akaligeuza chini juu, kisha akalirudisha sawa.

"Yuko wapi?"

Ketaki akamwonyesha kwa ukucha.

"Wameandika Haren tu, au wameweka na Malo?"

"Wameweka na Malo."

"Maana wengi hawapendi kuliandika. La wavuvi."

"Wameliandika lote."

Mama akalitazama kwa muda, huku akipumua kwa mdomo. Kisha akaingia ndani, akalisukuma chini kabisa ya pipa la mchele ambako panya hawafiki, akatoka na kigoda. "Kaa," alisema. "Wali uko tayari. Samaki ni wa leo." Ketaki akavua viatu, akakaa, akala kwa mkono, na mama yule akambandulia miiba kwa sababu miwani ya mgeni wake ilikuwa na ukungu na hakuwa akiona vizuri.